Fundi hana ufunguo wa simu iliyofungwa Marekani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Kaka yangu anaishi Texas, kaniletea iPhone 13 aliyoichukua kwa mkopo kwenye kampuni ya simu ya huko. Nikiweka laini ya hapa inagoma, inasema haikubaliki. Kuna fundi Kariakoo anataka elfu themanini, anasema ataiflashi na kutoa loki kwa saa moja. Kaka bado hajamaliza mkopo. Nimpe? Au nitumie eSIM? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Usimpe, dada yangu. eSIM nayo haitakusaidia, kwa sababu simu iliyofungwa inakataa laini ya mtandao mwingine, iwe ya kadi au isiyo na kadi.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba loki imo ndani ya simu, na fundi mkali ataichomoa kama mwiba. Kwa simu za zamani za vitufe ilikuwa karibu na kweli: ulipata namba za siri, ukazibonyeza, ikafunguka. iPhone haiko hivyo. Hali yake ya kufungwa au kufunguliwa imeandikwa kwenye mitambo ya Apple, kwa namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, na Apple hubadilisha maandishi hayo ikiambiwa na kampuni iliyoifunga. Uiflashi, yaani uiwekee mfumo upya, mara mia, ikiwashwa upya itauliza kulekule na kujibiwa vilevile.

Sasa huyo wa saa moja atafanya nini? Ninavyowajua, atakuwekea kichipu chembamba chini ya laini, kinachoidanganya simu kwamba laini yako ni ya kampuni ya kaka yako. Utapiga simu, utafurahi. Siku ukisasisha mfumo, au kichipu kikisogea, mtandao umekata, na yeye atakwambia ulete pesa nyingine.

Njia ni ya kaka yako: amalize deni, kisha aombe ifunguliwe kwa IMEI unayoipata ukibonyeza *#06#. AT&T, kwa mfano, kampuni mojawapo ya simu ya Marekani, inataka simu iwe imelipiwa yote, imetumika kwao siku 60, na haijaripotiwa kuibiwa. T-Mobile, nyingine ya huko, kwa wateja wa mkataba ni siku 40. Na asidhani kwamba kwa kila kampuni deni likiisha loki inajitoa yenyewe. Aombe, asubiri jibu. Wakikubali, unganisha simu na Wi-Fi, weka laini yako, izime uiwashe. Akiacha kulipa kwa kuwa simu imeshavuka bahari, wataiweka kwenye orodha nyeusi, yaani ya simu zilizozuiwa kwenye mitandao, na hapo kuifungua utasahau.

Ni sheria za kuudhi, sibishi. Canada ilizikataa tangu Desemba 2017, Uingereza ikafuata Desemba 2021. Kampuni za huko haziruhusiwi tena kuuza simu zilizofungwa. Marekani bado, na ndiko zinakotoka nyingi ninazoletewa.

Wengine mnaonunua mitumba, msichanganye mambo. Loki ya mtandao ni kitu kimoja, loki ya akaunti ya iCloud ya mwenye simu ni kingine, orodha nyeusi ni cha tatu. Muuzaji akisema “ni loki kidogo tu”, huenda ni zote tatu. Na fundi akikuambia atabadilisha IMEI ili “isafishike”, ondoka na simu yako: hapa Tanzania hilo ni kosa la jinai kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na simu hiyo itakutwa mfukoni mwako, si dukani kwake.

Kabla ya kulipa, fungua Settings, General, halafu About, ushuke mpaka Carrier Lock. Hapo pawe pameandikwa “No SIM restrictions”, yaani haijafungwa kwa mtandao wowote. Kisha toa kilichomo kwenye tundu la laini ukiangalie, maana wengine huuza na kichipu kikiwa tayari ndani. Weka laini yako mwenyewe, piga simu ukiwa palepale. Akikukataza, mrudishie simu yake.