Kundi la tizi bila daftari

Mwaka jana kijana mmoja mgeni kundini aliniuliza kwa nini tunaanza saa kumi na moja na robo alfajiri. Kwa nini hiyo robo? Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sina jibu. Na mimi ni mmoja wa wale sita wa kwanza. Swali lake ndilo lililoniingiza katika kazi ya miezi minne ya kuandika historia ya kundi letu la kalistheniki hapa Nakuru. Kama nawe una kundi lako, liwe Kisumu, Kakamega au kwenu kijijini, nakuomba uifanye kazi hii mapema kuliko nilivyoifanya mimi.

Kwa asiyejua, kalistheniki ni tizi ya kutumia uzito wa mwili wako mwenyewe: pushapu, kuchuchumaa, kuning'inia, kujivuta kwenye chuma. Wajerumani wanaujua hadi leo mwaka ambao Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wake wa mazoezi pale Hasenheide, Berlin. Ni 1811. Sisi miaka mitano tu ilikuwa imetushinda kukumbuka. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwaita watu wote tukae tukumbushane. Mwenye sauti kubwa alisema tulianza Agosti 2020, wengine wakaitikia, na mimi nikaandika. Usifanye hivyo. Mfuate mtu mmoja mmoja, nyumbani kwake au kazini, umwache aseme mpaka anyamaze mwenyewe. Nilipofanya hivyo, wawili walisema Mei, mmoja akashikilia Agosti, na mmoja akanikumbusha kafyu ya korona, ile amri ya kutotoka nje.

Hapo ndipo ile robo saa ilipopata maana. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jimu zilikuwa zimefungwa. Tulikuwa tunakaa na viatu mguuni tukingoja saa kumi na moja ifike, kisha robo saa ya kutembea kutoka mitaa ya Shabab na Langa Langa hadi kiwanjani. Tarehe 6 Juni kafyu ilibadilishwa ikawa inaisha saa kumi. Kwa hiyo desturi yetu ilizaliwa kabla ya Juni, na waliosema Mei walikuwa karibu na ukweli. Mwekahazina wetu, dada ambaye hafuti ujumbe wa mpesa hata mmoja, alimaliza ubishi: mchango wa kwanza wa kununua bomba la kujivutia, shilingi mia mbili kila mtu, uliingia katikati ya Mei.

Basi tafuta vitu vya namna hiyo. Picha hupotea na simu, lakini risiti, ujumbe wa mpesa na tarehe ya kufunguliwa kwa kundi la WhatsApp hukaa. Hata chuma chenyewe kina habari. Bomba letu la kwanza lilikuwa la inchi mbili, kwa sababu tulidhani nene ndiyo imara. Kwa nje bomba hilo lina karibu milimita 60; vidole havikutani na dole gumba, mkono unateleza, na malengelenge yanatoka kwenye kitako cha kila kidole. Tulilivumilia wiki tatu. Fundi wa kuchomelea akatubadilishia la inchi moja, ambalo kwa nje lina kama milimita 34, na siku hiyohiyo watu wawili wakajivuta kwa mara ya kwanza maishani mwao. Nguzo nazo zilitusumbua. Udongo wetu huu wa jivu la volkano ni mwepesi, ukichimba futi moja na nusu nguzo inacheza kama jino bovu. Chimba futi tatu na umwage zege. Ukitazama chini ya nguzo zetu leo utaona zege la rangi mbili, na sasa unajua kwa nini.

Kisha chuma kikaibwa. Lini? Hakuna aliyekumbuka tarehe, na kwa kweli jambo hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe. Nikaanza kuuliza kwa matukio. Mmoja alikumbuka vizuri kwamba tarehe 1 Desemba 2021, siku Nakuru ilipotangazwa kuwa jiji, tulijivuta kwenye chuma hicho asubuhi. Mwingine alikumbuka kwamba kilikuwa kimeshakwenda rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, maana alisema siku ile, "Wametukumbuka wakati chetu kimeshayeyushwa." Marufuku hiyo ilitangazwa tarehe 20 Januari 2022. Basi ni kati ya hapo na hapo. Watu husahau tarehe, lakini hawasahau walikuwa wapi nchi ilipotikisika.

Kuna faida nyingine ya haraka. Sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, na utaulizwa katiba na kumbukumbu za mkutano. Mwenye daftari hahangaiki.

Nilidhani nimemaliza. Kisha mwenzetu aliyetuanzisha akaniambia ile ngazi yetu ya pushapu, moja, mbili, tatu hadi kumi kisha kurudi hadi moja, zinazotimia mia, alifunzwa na mzee mmoja wa mtaa wa Bondeni aliyekuwa bondia. Nilikwenda kumwona na sukari na majani ya chai. Sikuuliza kitu siku ya kwanza. Siku ya pili alianza mwenyewe: ukumbi usio na vifaa, kamba ya kuruka, sakafu, na mji mzima ukimzungumzia Philip Waruinge, bondia wa hapahapa Nakuru, aliyeleta shaba ya Olimpiki kutoka Mexico 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Ngazi ile ilikuwa tizi ya mabondia. Sisi tulidhani tumeitoa kwenye video.

Niliandika kwa maneno yake, nikamsomea. Ukimhoji mzee, msomee. Alinisimamisha mahali nilipoandika kwamba yeye ndiye chanzo.

"Mwanangu, niachie hilo daftari mpaka kesho," akasema.

Kesho yake nilikuta juu ya jina lake ameongeza majina matatu kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa zinazotetemeka, na pembeni ya kila jina mtaa ambao mtu huyo alikuwa akiishi.