Kabla hujanunua mabomba, panda kilima kwa miguu

Juzi kijana mmoja wa Bwera ameniandikia: "Mzee, nimeshachora njia ya bomba kwenye kompyuta, kutoka kijitoni hadi shambani. Sasa ninunue mabomba?" Usinunue, mwanangu. Ngoja kwanza.

Mwaka 2019 nami nilichora. Shamba langu la kahawa liko kwenye miteremko ya Rwenzori, huku Kasese, na kijito kiko juu yake. Nilijifunza QGIS usiku kwa usiku, programu ya bure ya kuchora ramani, nikapakua data za mwinuko za SRTM zilizopimwa kwa rada kutoka angani Februari 2000. Mstari wangu ulikuwa wa mita 1,400, na wote ulishuka. Nilijiona mhandisi. Nikauza ng'ombe wawili, tukachimba wiki tatu.

Siku ya kufungulia maji majirani walikuja na madumu. Bomba likakoroma, likatema hewa, likanyamaza. Mke wangu alinitazama, akachukua dumu letu tupu akarudi nyumbani. Mpaka leo naliona lile dumu.

Binamu yangu, fundi ujenzi, ndiye aliyenitoa gizani kwa mpira wa maji, ule wa kusawazishia msingi: maji ya ncha zake mbili husimama usawa mmoja. Tulipima siku mbili. Kumbe njiani kulikuwa na tuta jembamba lililokuwa juu ya banio letu, pale maji yanapoingia bombani, kwa mita 2! Kila kipande cha data zile ni kama mita 30 kwa 30, na kinapewa namba moja tu, kwa hiyo tuta lilimezwa. Tena banio liko katikati ya mikaratusi, na rada ilihesabu sehemu ya miti kama ardhi, ikalipandisha. Bila pampu, maji hayapandi yenyewe kupita juu kuliko yalikotoka. Tulizungusha bomba pembeni ya tuta, maji yakafika.

Ramani ikuchagulie njia, mpira uithibitishe. Vijana, acheni haraka! Mnapenda kioo cha kompyuta kuliko udongo, na ng'ombe wa baba ndio wanaolipa. Pimeni kila penye tuta, pimeni tena. Na presha msiisahau: kila mita 10 za kushuka ni takribani baa 1, kipimo cha presha, kwa hiyo bomba linalohimili baa 6 ukilishusha mita 80 bila tangi la kupunguza presha katikati, utaliua.

Wewe wa Bwera, mpira wa mita 20 ninao. Njoo Jumamosi uuchukue, uje na mtu wa kushika upande wa pili.