Maswali ya Wasomaji: Kijana anapolia mbele ya tabibu

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya wilayani Rungwe. Binti wa miaka 15 aliletwa na mama yake, tumbo likimuuma mara kwa mara. Nilipomuuliza hedhi ya mwisho aliiona lini, akaangua kilio. Nikambembeleza, akanyamaza, lakini hakujibu tena swali lolote. Foleni nayo ilikuwa ndefu. Nifanyeje likitokea tena?
Tabibu, Tukuyu

JIBU: Ndugu tabibu, machozi yalitoka kwenye swali la hedhi, si ulipombonyeza tumbo. Hapo ulikuwa umekaribia tatizo lenyewe. "Usilie", "wewe mkubwa sasa", na kwa wavulana "mwanaume halii", humfanya kijana aone kwamba kilio chake kinakusumbua, naye hujifunga.

Weka kalamu chini. Toka nyuma ya meza, keti pembeni yake. Sema mara moja, "Pole, usiwe na haraka, nipo," kisha nyamaza. Dakika moja au mbili za kimya zitakuelemea, lakini mara nyingi kilio hupungua chenyewe na maneno huanza kutoka. Matabibu wengi huharibu hapa kwa kuanza nasaha. Tishu ziwe mezani, mkono wake unapofika. Ukimkabidhi upesi, ataona unataka amalize. Usimshike kabla ya kumuuliza: kama kuna aliyemdhuru, mkono wa mtu mzima unaweza kumtisha. Akihamia Kinyakyusa, mwache. Kama hukijui, mwite muuguzi anayekijua na ambaye binti anamkubali. Mama asiwe mkalimani.

Ukimtoa mama baada ya machozi, atashuku, na binti atahojiwa njiani. Iwe desturi kwa kila kijana tangu mwanzo: "Mama, hapa kwetu kila kijana tunaongea naye peke yake kidogo, kisha tutakuita." Msikilize mama kwanza, ndipo atoke.

Kabla binti hajafunguka, mweleze mpaka wa siri: atakayosema yatabaki kwako, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini au kuna mtu anayemuumiza, na hapo utamwambia yeye kwanza. Usiahidi kamwe kwamba hutamwambia mtu yeyote.

Anza na nyumbani na shule, ndipo uingie kwenye mahusiano. Kisha muulize waziwazi, "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na ulizia dawa za kunyunyizia viazi au kahawa zinahifadhiwa wapi nyumbani. Familia izifungie siku hiyohiyo. Tunalisisitiza hili kwa sababu katika nyumba za wakulima sumu huwa karibu mno.

Akisema amebakwa, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Usimpeleke kwanza polisi kufuata PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, huku dawa zikisubiri. Mwite afisa ustawi wa jamii, kisha Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya bure ya kusaidia watoto ni 116.

Foleni ikikubana, na umehakikisha hakuna hatari ya leo, mpangie siku yenye wagonjwa wachache. Kwenye daftari analorudi nalo nyumbani andika tarehe tu. Sababu iandike kwenye jalada linalobaki kituoni.