Maswali ya Wasomaji: Tyuna ya mtutu kwa shabaha ya mita 50

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha hapa Nairobi, na ninatumia bunduki ya .22 (yaani ya risasi yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) kwa umbali wa mita 50. Matundu yangu hayatawanyiki sana kushoto na kulia, ila hupanda na kushuka. Mwenzangu ananihimiza nifunge tyuna, yaani uzito wa kurekebisha mtikisiko, mdomoni mwa mtutu. Je, inasaidia kweli? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ndugu msomaji, inasaidia, na hasa kwa tatizo la aina yako. Risasi ya .22 ya mashindano hutoka kwa kasi ya takriban mita 320 kwa sekunde, lakini hata risasi za sanduku moja hazilingani kabisa. Iliyopungukiwa kasi kwa mita 10 kwa sekunde hukawia njiani, na ikifika kwenye karatasi huwa imeshuka takriban milimita 7 chini ya nyenzake. Kwa kuwa duara la 10 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, tofauti hiyo peke yake yaweza kukunyima pointi.

Mtutu nao hautulii. Baruti inapowaka hutikisika, na mdomo wake huinuka na kuinama kidogo mno kabla risasi haijatoka. Tyuna ni uzito unaosogezwa mbele au nyuma kwa kuzungushwa, na kila unapousogeza unabadilisha mwendo wa mtikisiko huo. Unachotafuta ni risasi zitoke wakati mdomo unapanda, ili ile ya kasi itangulie mdomo ukiwa chini kidogo, na ile ya polepole ichelewe hadi mdomo uwe umeinuka zaidi, kisha zote mbili zikutane shabahani. Bunduki za Lee-Enfield za Uingereza zilisifiwa kwa shabaha za mbali kwa sababu hiyohiyo. Mapatano hayo hutimia kwa umbali mmoja, kwa hiyo mpangilio wa mita 50 usiutegemee kwa mita 100.

Chagua risasi kwanza, kwa maana tyuna haiponyi risasi mbovu. Kisha egemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, siku isiyo na upepo, upige risasi tano kwa kila mpangilio ukisogeza tyuna alama chache kila mara. Tazama kimo cha matundu kabla ya upana wake. Hapa ndipo walengaji wengi hufanya haraka: risasi tano zaweza kukusanyika kwa bahati tu, hivyo mpangilio uliokupendeza urudie siku nyingine, ikiwezekana asubuhi ya baridi ya Julai na tena mchana wa jua, ndipo ukaze pete ya kufungia tyuna isisogee.

Ikiwa mtutu wako utahitaji kukatwa uzi wa skrubu, ulizia kwanza klabuni na kwa mamlaka ya leseni za silaha, na kazi hiyo afanye fundi aliyeidhinishwa. Zipo pia tyuna zinazobanwa kwa nje bila kukata chochote, na mimi ningeanzia hapo. Upime bunduki ukimaliza, kwani kanuni za kimataifa haziruhusu ya mita 50 kuzidi kilo 8 pamoja na vifaa vyake, kisha urekebishe upya sehemu za kulengea, maana uzito ulioongezwa mdomoni huhamisha mahali risasi zinapotua.