Mzigo utatukuta wapi?

SWALI: Mhariri, mi na mume wangu tunaishi kwenye gari, leo huku kesho kule, na vitu vingi tunaagiza mtandaoni. Kati ya posta, yale makabati ya kujichukulia mzigo na kufuata dukani, ipi afadhali?

JIBU: Dada, inategemea mnatulia sehemu moja muda gani. Kabati ni raha, unafungua kwa namba uliyotumiwa kwenye simu, humsubiri mtu, ila mzigo mkubwa hauingii na muda ni mfupi, yale ya Amazon ni siku 3 tu ukichelewa unarudishwa, sasa gari likiwagomea njiani ndo basi tena. Posta nchi nyingi wana huduma ya poste restante, wanakutunzia mzigo kwa jina lako we unaenda na kitambulisho, na wana subira zaidi, lakini muulize kwanza muuzaji anatuma kupitia nani manake mzigo unaosafirishwa na kampuni binafsi mara nyingi posta hawaupokei. Dukani mi ndo napapenda kwa nguo na viatu, kisipokutosha unakirudisha palepale. Halafu oda ielekezeni mji mnaokwenda, sio huo mnaoondoka keshokutwa.