Msomee mkweo kwanza

Mwalimu wa Bagamoyo, weka hiyo flashi chini. Usiwafungulie watoto hata wimbo mmoja kutoka humo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Nimeona umeuliza mambo manne: nyimbo kumi za Kiingereza zinazovuma ambazo watoto wa darasa la kwanza hadi la nne waimbe kwenye mahafali ya la saba, bei ya kukodi muziki, mazoezi yachukue wiki ngapi, na sare. Sawa. Ila kilichonitoa jasho ni sentensi yako ya mwisho, kwamba DJ ameshakujazia nyimbo na kukuhakikishia "zote ni za watoto". Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Tanga, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kule Ngamiani, na kijana aliyekuwa anatafuna muhogo huku anabofya kompyuta. Alinitoza elfu tatu. Deni lenyewe naendelea kulilipa.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kiingereza changu ni cha kufaulia mtihani, basi. Mwalimu mkuu akataka siku ya wazazi tuwe na "kitu cha Kizungu, wageni wachangamke", na kwa kuwa mwaka uliotangulia nilishika kipaza sauti nikasema jambo watu wakacheka, nikahesabiwa mtu wa burudani. Kijana wa kibanda akanipa Barbie Girl. Ni wimbo wa kundi la Aqua, wa mwaka 1997. Mdundo wa kurukaruka, sauti ya mwanamke nyembamba kama ya katuni, na mwenyewe anajiita mdoli. Ungeshuku nini hapo? Mdoli ni wa nani kama si wa mtoto?

Nikachagua wasichana 12 wa darasa la tatu. Wiki sita za mazoezi, kila siku saa nane mchana, jua la Tanga unalijua. Maneno sikuyatafuta popote. Niliyanasa kwa sikio, nikayaandika ubaoni jinsi yanavyosikika, watoto wakanakili. Mahali fulani nikasikia "andresi mi", nikaandika hivyohivyo. Nikamuuliza mwenzangu anayefundisha Kiingereza, maana yake nini? Alikuwa na kalamu nyekundu mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akajibu bila kuinua uso: "Si adresi hiyo? Anwani. Mdoli anataka aandikiwe barua. Wimbo hauna neno huo."

Nikafurahi, wallahi. Nikatunga na ishara kabisa! Wakifika pale, kiganja cha kushoto kinakuwa bahasha, kidole cha kulia kinaandika, kisha kila mmoja anambandika mwenzake stempu begani. Gauni 12 za rangi ya waridi, elfu kumi na tano kila moja, laki na themanini. Wazazi walichanga nusu, nusu nilitoa mfukoni nikisubiri shule inirudishie. Bado nasubiri.

Siku ikafika. Turubai limefungwa, mgeni rasmi kaketi, maji ya chupa yako mezani. Watoto wakaimba vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana wangeboronga matamshi tungepona. Wiki sita! Kila neno lilitoka safi kama limeoshwa.

Safu ya pili alikuwepo babu wa mmoja wa wale wasichana, baharia mstaafu, mtu aliyezunguka bandari za Ulaya mpaka akazijua kama anavyoijua Chumbageni. Kanzu nyeupe, kofia ya vito. Muziki ulipoanza alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamganda. Akavua kofia, akaangalia ndani yake kama aliyedondosha kitu humo, akaivaa tena. Stempu zilipobandikwa mara ya tatu akanyanyuka, akaja mpaka nilipokuwa kando ya spika. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniinamia sikioni.

"Mwalimu," akasema, kwa upole kabisa, "huyo mdoli hatoi anwani. Anaomba avuliwe nguo."

Nikang'oa waya. Lakini watoto niliowakaririsha kama jedwali la saba hawakuhitaji muziki. Wakauendeleza wimbo bila spika mpaka mwisho, kibwagizo wakakirudia mara mbili, wakainama kutoa shukrani. Nusu ya wazazi wakapiga makofi. Nusu nyingine walikuwa wanaulizana, na jibu lilikuwa linatembea kutoka kiti hadi kiti. Nililiona kwa macho yangu likifika meza kuu.

Niliandika barua ya kujieleza. Nilizunguka nyumba 12 kuomba radhi. Kuna mama alicheka mpaka akakaa chini, na kuna baba ambaye hakucheka hata kidogo, na huyo ndiye ninayepanda naye daladala kila asubuhi. Lakini lililoniuma ni la wiki mbili baadaye. Napita Makorora, namkuta mmoja wa wanafunzi wangu anafagia uwanja huku anauimba, na mdogo wake, wa miaka minne hivi, kafungua kiganja anaandika bahasha. Gauni unaweza kuligawa. Wimbo ukishamkaa mtoto kichwani utautoa na nini?

Yule kijana wa kibanda nilipomrudia aliniambia, "Sasa mwalimu, si kuna mdoli?" Mdoli! Wenye mdoli wa Barbie wenyewe, kampuni ya Mattel, waliwashtaki wenye wimbo huohuo wa 1997 huko Marekani, wakilalamika unamchafua mdoli wao. Walishindwa, mahakama ya rufaa ikatoa hukumu mwaka 2002. Yaani mambo hayo yalikwisha jadiliwa na majaji wa Marekani wakati mimi nafundisha stempu. Na mwenzangu wa Kiingereza simsemi sana kwa kuwa tunakaa ofisi moja, ila siku hizi akiniambia chai ina sukari naionja kwanza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sisi ni watu wa pwani. Mji huu ndio wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, tumekua tunasikiliza taarabu tunajua kila ubeti una mtu wake anayelengwa. Dukani hakuna mwanamke anayenunua kanga bila kuikunjua asome jina lake, maana anajua akiivaa kichwakichwa jirani atasema amepigwa kijembe. Kanga ya elfu chache tunaikagua hivyo. Wimbo wa Kizungu tunawavika watoto 12 hatujui umeandikwa nini!

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sipunguzi. Tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa, yote, na ile sehemu ya kufokafoka ambayo watu huiruka. Mtafute mtu anayekijua Kiingereza cha mtaani, si cha ubaoni tu. Bagamoyo mna chuo kizima cha sanaa, TaSUBa, huwezi kukosa mtu. Muandike tafsiri kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kisha msomee mkweo, kwa sauti, mkitazamana. Ukikwama mahali, ukakohoa, ukasema "hapa tuparuke", huo wimbo si wa watoto. Umekwisha.

Usijitetee kwamba mwimbaji ana sifa nzuri, wala kwamba programu ya simu haijauwekea ile alama ya E. Alama ile hutazama zaidi lugha chafu ya wazi. Fumbo linapita mlangoni limevaa baibui. Kuna wimbo wa Foster the People, Pumped Up Kicks, wa 2010, una mluzi mtamu unaokufanya utikise kichwa. Tafsiri yake ni kijana mwenye bunduki na wenzake wanaambiwa wakimbie. Nilikaribia kuuchagua mwaka huohuo, Mungu akanihurumia akanipa balaa dogo.

Tena siku ya shughuli tumia faili lako mwenyewe, lile mlilofanyia mazoezi. DJ asikuambie "ninao huo". Kuna nyimbo zina sura mbili, ya redioni na ya matusi, na jina karibu ni lilelile.

Uliomba nyimbo kumi. Mimi zimepita mbili tu. Ya kwanza ni Happy ya Pharrell Williams, ya 2013. Inataka makofi na watoto wanapenda makofi, ila ina kasi, wa darasa la kwanza wataachwa njiani. Ya pili ndiyo ninayoipenda, Count on Me ya Bruno Mars, ya 2010. Ni ya urafiki: ukikwama katikati ya bahari, mwenzio atasafiri akutafute. Watoto wa Bagamoyo wanaoona majahazi kila siku hawahitaji kuelezwa hilo. Na inahesabu mbele na kurudi nyuma, hivyo nilijisikia niko somo langu. Ila huyohuyo Bruno Mars ana nyingine ambazo kwa mkwe hufiki ubeti wa pili, usijaze flashi kwa jina lake.

Bei ya muziki huko kwenu siijui. Sare, rangi yoyote isiyo ya waridi.

Hiyo orodha ya DJ ibandike hapahapa leo. Mama mkwe amekuja kutoka Pangani, yupo mpaka Jumapili.