Usipige Windows upya kabla hujasoma jina la faili

Juzi dada mmoja kaniandikia: amehama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na sasa kila akifungua folda skrini inapepesa, upau wa chini unapotea, unarudi, unapotea tena. Fundi kamwambia dawa ni kupiga Windows upya. Nilimjibu usiku uleule, maana uchungu wa dawa hiyo naujua. Mwaka 2019 fundi alinipigia Windows bila kuniuliza, picha za mazishi ya baba zikaenda nayo. Sijazipata mpaka leo.

Basi Oktoba 2025, msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14, nikahamisha kompyuta ya duka langu la steshenari. Kesho yake Explorer, programu ya Windows inayofungua folda na kuonyesha upau wa chini, ikawa inaanguka kila nikibofya faili kwa kitufe cha kulia. Wateja wamesimama mlangoni na vyeti vyao. Mdogo wangu akaja na flashi tayari mkononi. Nikamwambia, weka chini.

Nikaendesha amri ya kukarabati Windows, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikala bando, kisha ya kukagua mafaili ya mfumo, sfc /scannow. Majibu: mafaili ya mfumo ni mazima. Hapo wengi hukata tamaa, mimi nikapata nguvu. Kama wa ndani ni wazima, mchawi katoka nje. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, kwenye Task Manager nikaagiza eventvwr.msc, yaani daftari la matukio ya Windows, nikaingia Windows Logs, Application, nikatafuta makosa yenye namba 1000. Yote yalimtaja explorer.exe, lakini mstari wa Faulting module name, yaani jina la kipande kilicholeta kosa, ulitaja faili la dll, kipande cha programu ya kubana mafaili niliyoiweka miaka mingi nyuma, ikajipachika kwenye menyu ya kitufe cha kulia. Nikaiondoa, nikazima, nikawasha. Haijaanguka tena hata mara moja, na kazi hiyo nimeifanya mwenyewe.

Ndugu zangu mnaotaka kuitwa mafundi, someni kumbukumbu za mfumo kwanza! Someni jina la faili. Nakilini picha na nyaraka kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Aliyehama juzi ana siku 10 za kurudi nyuma kupitia Recovery ndani ya Settings, mradi asifute folda ya Windows.old inayotunza Windows yake ya zamani. Na kompyuta ya mtu ni ya mtu: muulizeni kilichomo.

Dada kaniandikia tena jana. Kwake lilikuwa faili la programu ya printa. Picha zake zipo zote.